Gran Turismo 2 Ikirudiwa Mbeya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa nini mtu mzima arudie gemu ya magari iliyotoka mwaka 1999?

Kwa upande wangu, sababu ilikuwa boksi. Tulipokuwa tunahamisha vitu vya nyumbani kutoka Mwanjelwa kwenda Uyole, ndani ya boksi la sabuni nilikuta PlayStation ya kijivu, pedi mbili, memori kadi moja na CD mbili za Gran Turismo 2, moja ikiwa imejaa mikwaruzo kana kwamba ilisuguliwa kwa mchanga. Nilisema nitaijaribu usiku mmoja tu, kisha nikajikuta naicheza miezi minne, kila jioni baada ya kazi, katika baridi ile ya Juni na Julai ambayo humfanya mtu wa Mbeya atafute sababu yoyote ya kubaki ndani. Tangu hapo wadogo zangu, vijana wa mtaani na wenzangu wa enzi za vibanda vya kulipia gemu wamekuwa wakiniuliza maswali yale yale, nami nimeyajibu hapa kwa urefu ili nisirudie kila mara. Niseme mapema kwamba naipenda gemu hii, na kwamba ina makosa, tena mengine ni mazito kuliko tulivyoyaona utotoni.

Ilitengenezwa na nani, na ndani yake kuna nini?

Ilitengenezwa na Polyphony Digital ya Japani, chini ya usimamizi wa Kazunori Yamauchi, kwa ajili ya PlayStation ya kwanza ya Sony. Japani na Marekani iliingia sokoni Desemba 1999, na Ulaya ikaipata Januari 2000, yaani miaka miwili tu baada ya Gran Turismo ya kwanza, iliyotoka Japani Desemba 1997. Ilikuja na CD mbili. Moja ni ya mbio za haraka, ambapo mtu huchagua gari na njia kisha anaondoka. Nyingine ndiyo gemu yenyewe hasa, ambamo mchezaji huanza na fedha 10,000 za humo ndani, hununua gari la kwanza, husomea leseni, hushindana, hufunga vifaa vipya na kupanda ngazi polepole. Magari yake yanakaribia 650, idadi ambayo wakati ule ilionekana kama uongo. Duniani ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 9, na sitaficha kwamba zile tulizochezea sisi vibandani hazimo katika hesabu hiyo.

Vibandani ilichezwaje?

Ilichezwa nusu. Mwenye kibanda aliishi kwa shilingi za mezani, hivyo alipenda gemu inayokwisha upesi ili anayefuata kwenye benchi naye akae. Mpira ulimfaa, ngumi zilimfaa, na CD ya mbio za haraka ilimfaa pia kwa sababu watu wawili waligawana kioo, wakazunguka mizunguko miwili, aliyeshindwa akainuka. CD ya pili ilikuwa adui wa biashara. Nani angemruhusu mtoto akae saa nzima akijifunza kusimamisha gari ndani ya mistari, na memori kadi ilifungiwa kwenye droo? Ndiyo maana wengi wa rika langu, kuanzia Mwanjelwa hadi Iringa mjini, watakuambia waliimaliza Gran Turismo 2, kumbe hawakuwahi kuingia gereji yake.

Jambo jingine la kukumbukwa ni kwamba mashine zenyewe zilikuwa zimechoka. Jicho la kusomea CD likishalegea, PlayStation iligeuzwa chini juu au ikasimamishwa kwa ubavu ndipo ikakubali kusoma, na mwenye kibanda alijua kwa kusikiliza mlio wake kama itafika mwisho wa mbio au itaganda kwenye kona ya tatu. Kasoro nyingi tulizoilaumu gemu, ukweli ni kwamba zilikuwa za mashine.

Je, ni kweli kwamba magari yake ni haya haya tunayoyaona barabarani kwetu?

Sehemu kubwa, ndiyo, na hili ndilo linalomshtua zaidi mtu anayeirudia akiwa Mbeya. Yamo magari ya kifahari ya Ulaya na Marekani, lakini moyo wa gemu ni Japani ya miaka ya 1990: Toyota Chaser, Starlet, Altezza na Supra, Subaru Impreza na Legacy, Nissan Skyline na Silvia. Tulipokuwa watoto, Chaser ya kwenye kioo ilikuwa jina tu. Baadaye magari hayo hayo yalishuka bandarini Dar es Salaam yakiwa yametumika, yakapanda na barabara ya TANZAM hadi huku, yakawa teksi na magari ya harusi. Leo nikipita Kabwe naona Altezza imepakiwa mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, nami najua uzito wake na matairi yanayosukumwa na injini, elimu ambayo sikuipata kwa fundi yeyote.

Gemu ina hata soko la magari yaliyotumika, ambalo orodha yake hubadilika kadiri siku za humo ndani zinavyosonga, na mchezaji mwenye fedha 10,000 karibu hana pengine pa kwenda. Hapo pana kasoro ndogo ambayo mtu wa kwetu huiona mara moja: gari lililotumika halina ugonjwa. Hakuna injini inayokula oili, hakuna giaboksi inayogoma kuingia, hakuna kilomita zilizorudishwa nyuma. Unalipa bei ya mtumba na unapewa kitu kipya kwa kila hali isipokuwa mwaka. Kuna na sehemu ya kuoshea gari, unalipia kabisa, ilhali mimi sijawahi kuona gari lenyewe likichafuka, hata likitoka kwenye njia ya vumbi.

Kasoro kubwa kuliko zote ni ipi?

Ukuta. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo gemu inapojikana yenyewe.

Gran Turismo 2 ilijitangaza kuwa inaiga uendeshaji wa kweli, na kwa kiasi kikubwa inafanya hivyo: gari linalovutwa na matairi ya mbele hupanua kona ukiingia kwa kasi, linalosukumwa na ya nyuma huteleza mkia ukikanyaga mafuta mapema, na gari zito huhitaji breki ndefu kuliko jepesi. Lakini katika mashindano ya gemu yenyewe gari haliharibiki. Taa haivunjiki, bampa halipindi, usukani hauvuti upande. Ukiligonga ukuta kwa kilomita 200 kwa saa, linadunda, linapoteza mwendo kiasi, linaendelea.

Matokeo yake si suala la sura tu, maana kanuni nzima ya kuendesha inabadilika. Chukua Special Stage Route 5, njia ya mjini usiku yenye kuta pande zote mbili. Dereva mwaminifu hukanyaga breki kabla ya kona, hushusha gia, hukata kona kwa ndani, kisha hufungua mafuta anapoona njia imenyooka. Dereva mjanja haguswi na hayo yote. Anaingia kona na mafuta yake, anaulaza ubavu wa gari kwenye ukuta wa nje, ukuta unamgeuza, na mara nyingi anatoka hajapitwa, pengine yuko mbele. Sisi vibandani tuliuita mtindo huo kujiegemeza, na aliyeujua alikalia pedi mchana kutwa. Hata magari ya wapinzani ni kuta zinazotembea: ukimlenga aliye mbele yako pale anapopunguza mwendo, yeye ndiye breki yako, na anayetupwa nje ya njia ni yeye.

Mjomba wangu, aliyeendesha malori ya Dar es Salaam hadi Tunduma kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, alinikuta naicheza jioni moja mwezi wa saba. Alisimama nyuma ya kiti na kikombe chake cha chai, akatazama mizunguko mitatu bila neno. Kisha akauliza, "Mjomba, huko ukigonga unaendelea tu?" Nikamjibu kwamba ndiyo, unaendelea. Akanywa chai. "Basi huyo anayekanyaga breki ndiye mjinga." Sijasoma uchambuzi wa gemu hii unaoipita sentensi hiyo.

Kwa nini watengenezaji hawakuweka uharibifu wa magari?

Sababu mbili hutajwa kila mara, nazo zinaeleweka. Ya kwanza ni kwamba magari ni ya kampuni za kweli, na kampuni za magari kwa jumla hazipendi kuona bidhaa zao zimepondeka kwenye kioo. Ya pili ni mashine: PlayStation ilikuwa na kumbukumbu ya MB 2 tu, na gari linaloweza kubonyea kwa namna nyingi linahitaji nafasi ambayo haikuwepo. Hata hivyo uharibifu si lazima uonekane. Adhabu ya mwendo ingeweza kuwa kubwa zaidi, au injini ingeweza kupoteza nguvu baada ya kugonga. Mfululizo huu ulingoja hadi Gran Turismo 5 ya mwaka 2010 ndipo magari yakaanza kuonekana yameharibika, yaani miaka kumi na zaidi baadaye, na naamini kungoja kule kulifundisha kizazi kizima cha wachezaji tabia mbaya.

Wapinzani wanaoendeshwa na mashine wana akili?

Wana reli. Wanafuata mstari wao mmoja kana kwamba wamefungwa kwenye treni, na usipokuwa juu ya mstari huo hawakujui. Ukiwa juu yake wanakupitia. Hawakuogopi, hawakuzibii, hawakosei kwa sababu ya presha. Wanaanza watano na wewe wa sita, na kwenye shindano lililopangwa vizuri watano hao hutosha kukupa kazi. Tatizo ni kwamba mashindano mengi hayakupangwa vizuri. Kunayo yenye kikomo cha nguvu za injini, na hayo ndiyo matamu. Mengine yanakuachia mlango wazi, ukanunue tabo kubwa kuliko zote, ufike sekunde thelathini mbele ya anayekufuata. Na ukiishiwa fedha, kuna njia ya mkato: unarudia shindano jepesi, unashinda gari la zawadi, unaliuza, unarudia tena.

Anayetaka kuona upuuzi huo ulipofika kileleni atafute Suzuki Escudo ya Pikes Peak, mbio za kupanda mlima za Marekani. Ni gari lenye nguvu zinazofuta ushindani wote uliomo, na ukicheza na mpangilio wa gia na springi zake kwa namna fulani, linanyanyua mdomo juu kwenye njia iliyonyooka na kasi yake inapanda hadi namba ambazo hata ndege ya abiria haizijui. Vijana hulipenda. Mimi naliona kama ushahidi mahakamani.

Kwa nini barabara inacheza kama iko chini ya maji?

Swali hili huulizwa na kila mtoto aliyezoea gemu za siku hizi, na jibu lake ni tabia ya mashine nzima, si la gemu hii peke yake. PlayStation huchora kila kitu kwa pembetatu: gari ni pembetatu, mlima ni pembetatu, lami ni pembetatu nyingi zilizopangwa. Juu ya kila pembetatu hubandikwa picha, kwa mfano picha ya lami yenye mstari mweupe. Mashine ya kisasa ikibandika picha hiyo inazingatia kwamba upande mmoja uko mbali na mwingine uko karibu. PlayStation haizingatii, inaivuta picha kama mtu anayevuta kitambaa, ndiyo maana mstari ulionyooka hupinda unapoukaribia. Zaidi ya hapo, ncha za pembetatu haziwezi kukaa katikati ya nukta mbili za kioo, hivyo huruka kutoka nukta hadi nukta, na barabara yote ikaonekana inatetemeka.

Kwenye TV ya chogo ya inchi kumi na nne ulemavu huo ulijificha, kwa sababu kioo chenyewe kilikuwa kinalainisha kila kitu. Ukiiunganisha PlayStation hiyo hiyo na TV bapa ya inchi hamsini, utadhani CD ni mbovu.

Ni kweli kwamba kuna nakala ambazo haziwezi kumalizwa?

Ni kweli. Nakala za mwanzo za Marekani ziliishia asilimia 98.2, na hakuna juhudi iliyoweza kuzipandisha hapo. Kulikuwa na sehemu ya mbio za kunyooka zilizoondolewa kabla gemu haijatoka, lakini hesabu ya jumla ikaachwa ilivyokuwa, kama mwalimu aliyefuta maswali ubaoni na kusahau kubadilisha jumla ya alama. Nakala zilizochapwa baadaye zilirekebishwa. Zile za mwanzo zilikuwa pia na hitilafu ya gereji, ambapo magari yaliyohifadhiwa yaliweza kupotea. Haya ni makosa ya haraka. Gemu iliyokamilishwa bila kukimbizana na Krismasi isingekuwa nayo.

Swali hili wengi wetu halikutugusa hata kidogo, maana nani aliwahi kufika hata asilimia 20?

Leseni ni lazima? Zinachosha.

Zinachosha, na ndiyo sehemu bora kuliko zote. Ziko sita, kuanzia B hadi S, kila moja na majaribio kumi, na bila leseni mashindano mengi hayakufungulii mlango. Jaribio la kwanza kabisa ni kuondoka na kusimama: unakanyaga mafuta, unafika mahali, unafunga breki, na gari lazima lisimame ndani ya eneo lililochorwa. Ukizidisha kidogo, umefeli. Ukiwahi, umefeli. Nililirudia mara nyingi sana, na kila mara nilikuwa na hakika kwamba kosa ni la pedi.

Ajabu ni kwamba katika leseni ukuta hausamehe. Ukitoka nje ya njia, jaribio linafutwa hapo hapo na unarudi mwanzo. Kwa hiyo watengenezaji walijua. Walijua kuendesha vizuri ni nini, wakaandika mtihani unaokupima sehemu kwa sehemu: breki ya kwanza, kona moja, kona mbili zinazofuatana, mzunguko mzima na gari linaloteleza. Ukishafaulu, wanakuingiza kwenye mashindano ambayo yanamlipa mtu anayetupa kila alichofundishwa. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na wala si kwenye picha au sauti. Mwanafunzi anafundishwa vizuri, kisha anapelekwa kazini kwenye ofisi ya wala rushwa.

Ushauri wangu kwa anayeanza leo ni kwamba achukue leseni B na A zote kwa angalau medali ya fedha kabla ya kununua gari lolote kubwa, kisha ajiwekee sheria yake mwenyewe kwamba akigusa ukuta anaanza mbio upya. Gemu itageuka kuwa nyingine kabisa, ngumu na tamu, na gari dogo la mtumba litamtosha kwa majuma kadhaa.

Mashindano marefu yanachezekaje palipo na umeme wa kukatika?

Kwa moyo mgumu. Kuna mbio za Grand Valley za kilomita 300, ambazo ni mizunguko 60, na matairi huchakaa njiani hadi uingie kubadilisha. Hakuna kuhifadhi katikati. Unaweza kusimamisha kwa muda, ukaenda kula, ukarudi, lakini mashine lazima ibaki inawaka wakati wote huo. Nilikuwa mzunguko wa 51 taa zilipozimika, nikakaa gizani nikisikiliza jenereta za majirani zikiwashwa moja baada ya nyingine, na yangu haikuwepo. Mara ya pili niliunganisha TV ndogo na betri ya sola kupitia inveta, nikamaliza wa kwanza saa saba kasoro usiku. Siwezi kudai kwamba ilikuwa ni burudani.

Sauti za injini je?

Dhaifu. Magari mengi mno yanalia kama mashine ya kukoboa iliyofungwa chumba cha pili.

Gemu hii inaweza kumwandaa mtu kuendesha milima yetu?

Kwa sehemu moja, ndiyo. Kwa sehemu iliyobaki, inaweza kumdanganya vibaya. Ndiyo ni katika kutazama mbali na kupunguza mwendo kabla ya kona badala ya ndani ya kona, jambo ambalo leseni zinalirudia hadi linaingia mikononi.

Hapana ni katika breki. Breki hufanya kazi kwa kugeuza mwendo kuwa joto, na joto lina kikomo chake. Lori lenye shehena likishuka Kitonga, kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni, na dereva akaegemea breki ya mguu peke yake, vitambaa hupata moto, msuguano hupungua, na mguu unabaki kukanyaga hewa. Ndiyo maana madereva wazoefu hushuka na gia ndogo, wakaiacha injini ilizuie gari, wakigusa breki kwa vipindi, na ndiyo maana anayeweka nyutro kwenye mteremko ili aokoe dizeli huhesabiwa na wenzake kuwa ni marehemu aliyechelewa. Mlima Nyoka na mteremko wa Iwambi hapa Mbeya vinafundisha somo hilo hilo kwa gharama kubwa.

Katika Gran Turismo 2 breki hazijui joto. Mfano mzuri ni Laguna Seca, njia ya kweli ya California, ambayo ina kona iitwayo Corkscrew inayoporomoka kama mita 18 huku ikipinda kushoto kisha kulia. Kwenye gemu utaishuka mara ya tisini kwa breki zile zile za mara ya kwanza. Uzito unauhisi, gari linainama mbele, mkia unakuwa mwepesi, yote hayo yamefanywa kwa ustadi unaoshangaza hata leo. Lakini mteremko wenyewe haudai chochote.

Matoleo yaliyofuata yaliponya kasoro hizi?

Baadhi. Gran Turismo 3 ya mwaka 2001, kwenye PlayStation 2, ilisafisha picha kiasi kwamba ya pili ilizeeka usiku mmoja, lakini magari yalipungua hadi chini ya 200. Ya nne ikarudisha wingi. Reli za wapinzani zilidumu miaka mingi. Kuhusu ukuta nimekwisha kueleza.

Nitaipata na kuichezaje leo?

Njia ya kwanza ni mashine halisi. Bado zinapatikana kwa mafundi wa vifaa vya umeme na kwa watu waliohifadhi maboksi kama mimi; hakikisha unaisikiliza inavyosoma CD kabla hujatoa hela, na utafute TV ya chogo, ambayo siku hizi watu wanaitoa bure ili wapate nafasi sebuleni. Waya wa njano ndio wa picha, mwekundu na mweupe ni wa sauti. Memori kadi ya bei chee usiiamini. Yangu ilifuta kazi ya majuma matatu bila kuaga.

Njia ya pili ni programu inayoiga PlayStation kwenye kompyuta au simu, na DuckStation ndiyo ninayoitumia. Ina mpangilio unaotuliza ule mtetemeko wa barabara na kunyoosha mistari iliyopinda, na unaweza kuhifadhi mahali popote, hata mzunguko wa 51. Wapo wanaosema huko ni kudanganya. Wao wana jenereta.

Dereva wa kweli akiicheza, anaiweza?

Nilimpa mjomba pedi, baada ya kumbembeleza kwa wiki nzima. Nilimchagulia Laguna Seca na gari la kawaida, mizunguko miwili, gia za mkono, kwa sababu ya kujiendesha yenyewe aliikataa. Wapinzani watano waliondoka, yeye akabaki anaangalia vioo ambavyo gemu haikumpa. Alipanda mlima kwa gia ya tatu. Alipofika kileleni pa Corkscrew alishusha hadi ya pili, kisha ya kwanza, akateremka taratibu kama mwenye tangi la mafuta nyuma yake, akinyoosha shingo aone kama kuna anayepanda. Hakugusa ukuta, hakugusa mchanga, hakugusa gari la mtu. Alifika wa sita kati ya sita, nyuma kwa zaidi ya dakika mbili, na kioo kikamwonyesha nafasi yake kwa maandishi makubwa.

Akanirudishia pedi, akauliza kama mchezo una njia yenye mizani ya malori.

Na wewe, umebakiza nini?

Medali nne za dhahabu kwenye leseni S. Moja kati yake naikosa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kwenye kona ya mwisho, mahali ambapo kama ukuta ungeruhusiwa ningekuwa nimeshaipata mwezi wa nane.